Nyota za Ukingo wa Karatasi

Mwanga wa asubuhi ulikuwa na kazi yake katika chumba cha Zuwena. Uliingia kwa dirisha la mashariki, huko juu kwenye paa la nyumba ya ghorofa tatu katikati ya mtaa wa Sharafiya, Jeddah, ukapita kwenye karatasi zilizobanwa kambani, ukatokea upande wa pili umeshakuwa mawimbi, umeshakuwa magamba ya samaki, umeshakuwa majani ya mwanzi. Kisha ukajilaza sakafuni. Sakafu yenyewe ilikuwa saruji tupu, haina zulia wala mkeka, lakini kila siku kwa nusu saa ilivaa nakshi ambayo hata wenye majumba ya Al-Hamra hawakuwa nayo. Zuwena aliizunguka kwa ncha za vidole, kama anampita pembeni mtu anayeswali, akaenda kubandika chai.

Siku hiyo mwanga uliingia ukaanguka mtupu. Kipande kimoja cheupe, pembe nne, hakina wimbi wala jani. Kamba ilikuwa tupu, na vibanio vyake vya mbao vilikuwa vinauma hewa.

Karatasi saba hazipo.

Alitazama chini ya kitanda. Alitazama nyuma ya ndoo za nili. Alifungua sanduku akaikuta karatasi ya nane, ile isiyokuwa na tundu hata moja, ambayo yeye huzifunikia zile saba vumbi lisizipate. Hiyo ilikuwepo. Mwizi gani huyu, anayebeba nakshi akaacha kifuniko? Mwizi wa kawaida angebeba redio. Huyu alijua anachokitaka, na mlango aliufungua kwa ufunguo.

Ufunguo wa pili wa chumba kile alikuwa nao mtu mmoja tu duniani, naye ni Haidar, mdogo wake, tumbo moja. Na Haidar, dereva wa kafili, yule Msaudi aliyewadhamini, alikuwa ameondoka na gari kwenda Riyadh baada ya swala ya alfajiri.

Hapo ndipo hasira ilipoanza kumpanda, kutoka nyayoni, polepole, haina pupa, kama hasira inayojua kwamba itakaa.

Na tuseme hapa karatasi hizo zilikuwa nini, maana wapo watakaouliza: karatasi tu, ndiyo imtoe mtu roho hivi?

Zilitoka Ujapani. Zilitengenezwa kwa magome ya mforosadi, tabaka juu ya tabaka, zikapakwa maji ya tunda lenye ukakasi mpaka zikawa na rangi ya chai ya mkandaa, isiyotiwa maziwa, zikafukizwa moshi mpaka zikakataa kuoza. Kisha mzee mmoja, baba wa mwanamke aitwaye Fumiko, akakaa mbele yake na kisu chembamba kuliko ukucha, akazitoboa. Tundu baada ya tundu, siku baada ya siku, pumzi kaibana. Ile ya mawimbi peke yake ilikuwa na matundu zaidi ya elfu tatu, na mzee hakukosea hata moja, kwa sababu kosa katika karatasi ya namna hiyo halina kiraka. Fumiko aliziita katagami. Zuwena aliziita karatasi zangu.

Unailaza karatasi juu ya nguo. Unapaka juu yake uji mzito wa unga wa mchele na pumba, kwa kibao bapa. Unaiinua. Uji umebaki kwenye nguo pale palipokuwa na tundu, na pale palipo na uji nili haipiti. Ukishaosha, uji unatoka na nakshi inabaki nyeupe juu ya buluu. Halafu unaisogeza karatasi mbele, unaanza tena, na tena, dhiraa baada ya dhiraa, karatasi moja ndogo ikizaa nguo ndefu isiyoonyesha kiungo hata uitazame kwa jua.

Na siri ya kiungo ilikuwa ukingoni. Pembeni kabisa mwa kila karatasi, mbali na nakshi, mzee alitoboa vitundu vya ukubwa wa ncha ya sindano, viwili juu, viwili chini. Fumiko alimwonyesha kwa kidole, kisha akakinyoosha kidole kile kile juu, mbinguni. Nyota. Vitundu hivyo viliacha vidoa kwenye nguo, vidogo hata mvaaji havioni, na ukiisogeza karatasi unazilaza nyota za mwanzo wake juu ya vidoa vya nyota za mwisho. Zikikutana, wimbi linashikana na wimbi. Zisipokutana, nguo nzima imeharibika.

Hayo yote Fumiko alimfundisha kwa mikono. Mume wa Fumiko alikuwa mhandisi kwenye mtambo wa kugeuza maji ya bahari yawe ya kunywa, na Zuwena alikuwa akisugua sakafu za nyumba yao huko Al-Hamra. Lugha ya pamoja hawakuwa nayo, ila Kiarabu cha jikoni, maneno manne: moya, yaani maji, shwaya, kidogo, mafi, hakuna, yalla, haraka. Siku ya kwanza Zuwena alishika karatasi kavu akataka kuanza, na Fumiko akampiga kikofi mkononi, kikofi kweli, akaichukua karatasi akaitia kwenye beseni. "Moya," akasema. Karatasi kavu inavunjika. Karatasi iliyokunywa inatii. Na Zuwena alipotaka kuitoa kabla ya wakati wake, Fumiko alitikisa kichwa akacheka. "Yalla mafi, Zuwena-san."

Hakuna haraka hapa. Kwanza maji. Kisha subira. Kisha mkono.

Mkataba wa mumewe ulipokwisha, Fumiko alimwachia karatasi nane na kisu kimoja. Saba zilizotobolewa na moja tupu. Waliagana mlangoni wakilia, maana maneno yao manne hayakutosha.

Ilikuwa ile miaka ya saruji. Mafuta yalikuwa yamepanda bei, na kila kitu kilitaka kuwa kipya kabla ya Ijumaa. Meli zilipanga foleni nje ya bandari ya Jeddah, mifuko ya saruji ikigandia humo humo melini, na helikopta zikabeba mifuko mingine kwa kamba juu ya vichwa vya watu. Vumbi la saruji lilishuka juu ya mikate, juu ya vilemba, juu ya nguo za Zuwena zilizoanikwa paani. Yeye alilishinda kwa kuamka mapema. Gari la maji lilipopiga honi chini alikuwa ameshasimama na ndoo.

Kabla ya hapo alikuwa amepiga magoti miaka kumi na miwili. Kumi na miwili! Tangu waliposhushwa Jeddah yeye na Haidar, mwaka ule ule wa sitini na nne, Unguja imewatapika, hawana mbele wala nyuma, sakafu za watu ndizo zilizomlisha. Magoti yake yaliota sugu nyeusi, ngumu, na akiketi tahiyatu zilimuuma. Karatasi za Fumiko zilimwinua. Wanawake wa Kizanzibari wa Sharafiya waliiona nguo yake ya kwanza ya mawimbi wakaishika, wakainusa, wakaigombania. Aliikata kwa kipimo cha kanga, doti kwa doti, na kwa mara ya kwanza tangu bandari ya Unguja mtu alimpa kazi akiwa amesimama. Ile ya kwanza kabisa hakuiuza. Alijifunga mwenyewe.

Sasa mwelewe kilichoibwa. Karatasi zikienda, Zuwena anarudi magotini.

Haidar alirudi siku ya tatu. Zuwena alikuwa amekaa siku zote tatu akitazama kile kipande cheupe sakafuni, kikija na kuondoka, kikija na kuondoka, hakina habari.

"Zi wapi karatasi zangu?"

Haidar alivua miwani ya jua. Akaivaa tena.

"Dada, kaa kwanza."

"Sikai. Zi wapi?"

"Madam Hessa kazipenda. Kaziona siku ile alipokuja kuchukua nguo yake, si unakumbuka? Kataka kuzitia kwenye jumba jipya la Riyadh. Na mie ndo n'kawa nakwenda huko, wewe umepitiwa na usingizi, n'kasema..."

"Ukasema nini?"

"N'kasema karatasi tu, dada. Wallahi. Karatasi! Hata nyengine atakupa, za kuchapwa, za rangi."

Madam Hessa alikuwa mke wa kafili. Kafili ndiye aliyetia saini ikama ya Haidar, kibali chake cha kuishi nchini, na ikama ya Zuwena, na ikama zote mbili zilikuwa zinakwisha mwisho wa mwezi. Haidar alilisema hilo sasa, kwa sauti ya chini, ya mtu anayeeleza jambo kwa mgonjwa. Alisema bosi akikunja uso wao wanarudi wapi. Alisema kidogo tu kingewafurahisha, na yeye alichukua kidogo.

Kidogo! Enyi mnaotoa vitu vya watu kuwaridhisha wakubwa, kwa nini siku zote kidogo mnachokitoa si chenu? Kwa nini hamvui saa zenu, hamvui viatu vyenu? Haidar alikuwa na saa mpya mkononi, ya Kijapani nayo, inang'aa.

Zuwena alitaka kumpiga. Hakuna haja ya kulificha. Mkono uliinuka ukafika kifuani, na aliyemzuia si Haidar, ni kumbukumbu ya mtoto wa miaka tisa aliyemshika pindo ndani ya meli, akatapika njia nzima, na hakuliachia.

"Nipeleke," alisema.

"Wapi?"

"Kwenye karatasi zangu. Sasa hivi. Usinitie wazimu, Haidar. Washa gari."

Walipanda Taif wakashuka upande wa pili, na hapo unyevu wa bahari ukawaacha. Zuwena aliusikia ukimtoka. Midomo ilimkauka, kisha pua, kisha macho. Nje ya kioo kila kitu kilikuwa na rangi moja, na matingatinga yalikuwa yakikwangua rangi hiyo ili chini yake watie rangi nyeusi ya lami. Chini ya abaya alikuwa amejifunga ile nguo yake ya mawimbi, na kila mara alitia mkono ndani kuigusa, akahesabu vidoa kwa kidole gumba. Viwili. Viwili. Viwili.

"Ulizitia maji?" aliuliza, mara moja tu, njia nzima.

"Nini?"

"Karatasi. Ulizitia maji kabla ya kuzipakia?"

Haidar alicheka, bila ubaya. "Karatasi itiwe maji, dada?"

Zuwena aligeukia kioo. Haidar alimpa chupa ya maji, yeye akakataa. Kiu aliyokuwa nayo haikuwa ya maji yale, na hewa iliendelea kukauka kilomita baada ya kilomita, na mahali fulani mbele yao karatasi saba za mforosadi zilikuwa siku ya tatu ndani ya hewa hiyo, zikiivuta, zikikakamaa, hakuna wa kuzinywesha.

Jumba lilikuwa Sulimaniya, jipya kiasi kwamba milango ilikuwa bado na karatasi za nailoni. Riyadh yote ilikuwa hivyo wakati huo, imevaa nguo kabla ya kuoga. Winchi juu ya kila kiwanja, mashimo kwenye kila njia, na ndani ya nyumba mashine za baridi zikinguruma mchana kutwa, zikinyonya hata ule unyevu mdogo wa pumzi za watu.

Madam Hessa mwenyewe alimpokea. Na hapa lazima tumtendee haki: hakuwa mkali, hakuwa na kiburi cha wazi. Alimshika Zuwena mkono akamwingiza kwenye ukumbi wa wageni wa kike, akafunga mapazia ya muda, akabonyeza swichi.

"Tazama nilivyozipa heshima," alisema.

Taa saba ziliwaka. Kila karatasi ilikuwa imekunjwa duara, imegandishwa kwenye pete za shaba, na ndani yake balbu. Mawimbi yalipanda ukutani. Magamba yalitambaa darini. Majani ya mwanzi yaliangukia makochi ya mahameli na kwenye uso wa Madam Hessa na kwenye mikono ya Zuwena mwenyewe, na kwa muda wa pumzi moja, laana juu ya pumzi hiyo, Zuwena aliona kwamba ni nzuri. Nzuri kuliko sakafu yake. Hilo lilimtia hasira zaidi kuliko wizi.

Kisha macho yake yakaenda yalikozoea kwenda, ukingoni.

Ukingo ulikuwa umenyooka. Safi. Umekatwa kwa mkasi, mstari mmoja, kote kuzunguka. Alikwenda taa ya pili. Safi. Ya tatu. Alizunguka ukumbi mzima kwa hatua za haraka, abaya ikipepea, akitafuta vitundu vinne, akitafuta hata viwili, akitafuta kimoja. Karatasi saba, na nyota hakuna.

"Nani kakata hapa?" aliuliza kwa Kiarabu.

"Fundi wa taa alisema pembeni zimetoboka, si safi," alisema Madam Hessa. "Lakini hakuzigusa yeye. Ndugu yako alizisafisha kwa mkono wake. Ana bidii, huyu Haidar."

Haidar alikuwa mlangoni, macho chini kama inavyompasa dereva mahali kama pale, mikononi amebeba jora la kitambaa cheupe aliloambiwa alilete. Zuwena alimgeukia, na Kiswahili kikamtoka katika ukumbi ule kwa sauti ambayo kuta zake mpya hazijawahi kuisikia.

"Wewe?"

"Mende, dada." Alilikumbatia jora. "N'lidhani mende. Vitundu vile vidogo, n'kadhani vimeliwa na mende. N'kataka zende safi. Usiaibike."

Usiaibike.

Ee Mola, kuna neno linalokata maini kuliko hilo? Angesema alilipwa, angesema alilazimishwa, Zuwena angejua pa kuiweka hasira yake. Lakini alikaa mahali fulani huyu, kwenye ngazi labda, ulimi umetoka pembeni ya mdomo kama alipokuwa mdogo akijifunza kuandika, akakata kwa uangalifu, akapuliza makombo. Matundu elfu tatu ya mzee akayaacha salama, akaondoa nyota nne tu. Nne zile. Na alifanya hivyo kwa mapenzi.

"Hili ni lako," alisema Madam Hessa, akionyesha jora. "Nataka mapazia ya madirisha yote manne. Mawimbi hayo hayo, yafanane na taa. Taa moja utaifungua ufanyie kazi, kisha utairudisha. Mwisho wa mwezi nina wageni."

"Haiwezekani, madam."

"Kwa nini? Karatasi hizo hizo, mkono huo huo."

Zuwena alieleza. Alieleza vizuri, neno kwa neno, kuhusu vidoa na kuungana, kuhusu wimbi na wimbi, akanyoosha hata kidole juu kama alivyofanya Fumiko. Madam Hessa alisikiliza hadi mwisho, kichwa amekiinamisha upande.

"Basi weka kwa macho tu. Nani atatazama?"

Nani atatazama! Miaka yote hiyo, katika majumba yote hayo, ndilo neno alilolisikia kila walipotaka afanye haraka. Sugua juu juu, nani atatazama. Yeye alikuwa akitazama. Mzee wa Ujapani alikuwa ametazama elfu tatu na zaidi.

Alisogea kwenye taa ya mawimbi, akanyoosha mkono kuigusa. Ilikuwa ya moto. Karatasi ambayo kwa mikono yake ilikuwa laini kama ngozi, inakunjika na kukunjuka, ilikuwa imekakamaa ikilia. Aliibonyeza kidogo tu, kwa ncha ya kidole, kama unavyombonyeza mtoto shavuni. Ikapasuka. Ilipasuka kama ganda la kitunguu, kutoka juu hadi chini, na ukutani bahari nzima ikakatika vipande viwili.

Madam Hessa alipiga kelele.

"Si mimi niliyeipasua," alisema Zuwena. "Ilikufa juzi."

"Nitamwambia mume wangu," alisema Madam Hessa, na sasa sauti ilikuwa imebadilika. "Ikama zenu ziko mezani kwake. Mwisho wa mwezi mapazia yawe hapa. La sivyo tafuteni kafili mwengine, kama mtampata."

Ilikuwa imefika. Lile neno ambalo Haidar aliibia karatasi ili lisisemwe lilikuwa limesemwa, na karatasi zimekwenda, na neno limekuja vile vile. Zuwena alilitazama likisimama pale katikati ya ukumbi. Alishangaa kuona kwamba haliogopi.

"Mafi, madam," alisema.

"Mafi nini?"

"Mapazia mafi. Kwa macho mafi. Nguo iliyokatika kiungoni haitatoka mkononi mwangu. Halas, basi."

Akatoka. Alimpita Haidar mlangoni, na jora la kitambaa cheupe lilikuwa limemponyoka, linajiviringisha lenyewe kwenye marumaru, linakwenda mbali.

Walipokuwa wakirudi Haidar aliendesha kama mtu anayebeba maiti. Walipokaribia Taif alianza kusema, akaacha, akaanza tena.

"Dada. Nitukane basi."

Zuwena alitia mkono ndani ya abaya, akakipapasa kidoa.

"Nitukane, Wallahi, n'takushukuru. Nipige."

"Sikutukani," alisema Zuwena. "Hasira hizi n'na kazi nazo."

Naye hakujua bado ni kazi gani. Alijua tu kwamba hataki zipungue. Alizishika njia nzima kama mtu aliyebeba bakuli limejaa pomoni, hataki tone lianguke. Aliwaza karatasi. Aliwaza magoti. Alimwaza Fumiko mlangoni siku ile ya kuagana, akizipanga moja juu ya nyengine kwa taratibu zake zile, saba, kisha ile tupu juu kabisa, kisha kisu juu ya ile tupu. Kisu. Juu ya ile tupu.

Gari lilikuwa limeanza kushuka mlima. Hewa ya bahari iliingia dirishani, nzito, ya chumvi, na midomo yake ikalegea.

"Mjinga mie," alisema kwa sauti.

"Nini, dada?"

"Kifuniko! Mwaka mzima naifanya kifuniko!"

Sasa ilikuwa zamu yake mwenyewe kuzionja hasira zake. Alijikasirikia kwa moyo mkunjufu, bila kujihurumia, kama alivyowakasirikia wengine. Mtu anakupa karatasi na kisu, wewe unafunikia vumbi. Mtu anakuambia kwa lugha yake pekee iliyobaki kwamba siku moja utatoboa mwenyewe, wewe unalia unamshukuru kwa kifuniko. Mende gani, Haidar? Kila mmoja ana mende wake.

Asubuhi ya pili, mwanga ulipoingia kwa dirisha la mashariki, ulimkuta ameshakaa. Ametandika ile nguo yake ya mawimbi sakafuni, ameipiga pasi kwa kiganja. Haidar alikuwa mlangoni, hajui aingie au aondoke, viatu mkononi.

"Leta beseni," alisema Zuwena. "Moya."

Kwanza maji. Alilowesha kitambaa, akakikamua, akaipangusa ile karatasi tupu mbele na nyuma, mpaka rangi yake ya chai ya mkandaa ikakolea na ule ukavu wa sandukuni ukalegea. Kisha subira. Alingoja. Kule chini gari la maji lilipiga honi, likaondoka, yeye akangoja.

"Madam kasema mwisho wa mwezi," alisema Haidar. "Zimebaki siku ishirini na mbili, dada. Na bosi hajatia saini. Ikiwa utafanya, basi yalla, mie n'takusaidia, n'takata..."

"Wewe hukati kitu."

"Basi n'tashika."

"Na mapazia simfanyii. Hii ni yangu. Ikama itakwenda itakakokwenda. Wakinifukuza, n'taondoka na karatasi hii kwapani nimesimama wima. Umesikia?"

"Nimesikia. Lakini siku, dada..."

"Yalla mafi."

Kisha mkono. Aliilaza nguo juu ya karatasi, akapapasa kwa kidole gumba mpaka akakipata kidoa cha kwanza, kile cheupe kisichoonekana, ambacho mkasi haukukijua na moto wa taa haukukifikia, kilichosafiri naye kiunoni hadi Riyadh na kurudi. Akachukua sindano. Mzee wa Ujapani alianza wapi, hakujua. Labda alianza kwenye mawimbi, akamalizia nyota. Yeye alianza na nyota, kwa sababu ndizo alizonyang'anywa.

Hasira zote zilishuka. Zilitoka kifuani zikapita begani, zikapita kiwiko, zikakusanyika kwenye ncha ya sindano, na pale hazikutetemeka hata kidogo. Akatoboa. Moja. Akapapasa. Mbili. Akageuza. Tatu. Nne.

Aliinua karatasi akaibana kwenye kamba, kwenye vibanio viwili vya katikati, ili aitazame kabla ya kushika kisu. Ilikuwa karibu yote nzima, giza la kahawia, matundu elfu tatu na zaidi bado yanangoja. Aliketi chini mbele yake, miguu amekunja, magoti yake yenye sugu yakitazama juu. Mwanga ulijaribu kuingia kote ukakatazwa. Ukapata njia nne tu.

Sakafuni zikaonekana nukta nne, ndogo, kali, mbili huku na mbili kule. Moja yao ilianguka mbele ya Haidar, kwenye kidole cha mguu.

Aliitazama kwa muda. Kisha akauvuta mguu wake nyuma, taratibu, ili asiikanyage.